Kioo Kijuacho Kidole

Wengi wadhani kwamba kioo cha simu huhisi nguvu za kidole. Sivyo. Ndani yake mna utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, wenye umeme. Mwili wa mwanadamu nao hupitisha umeme. Basi kidole kikigusa, umeme wa mahali pale hubadilika, simu ikajua palipoguswa. Mhandisi E. A. Johnson wa Uingereza aliieleza njia hii mwaka 1965, ikikusudiwa waongozao ndege. Gusa kwa kijiti kikavu, kioo hakina habari! Kwa hiyo, enyi vijana, msimcheke babu agusaye mara tatu asijibiwe: ngozi iliyokakamaa kwa jembe haipitishi umeme vyema. Mwambieni alowanishe ncha ya kidole kwa maji kidogo, apate kutuma fedha mwenyewe, asilazimike kumtajia mtu namba yake ya siri.