Jinsi umbo la mto linavyoathiri uhai majini

MTO Tana ukitazamwa kutoka angani hufanana na mti. Shina lake liko Kipini, unakoingia Bahari Hindi, na matawi yake husambaa hadi milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Umbo hilo huchangia pakubwa kuamua ni viumbe gani wataishi katika kila sehemu ya mto.

Chukua mfano wa mito Mathioya na Maragua, ambayo vyanzo vyake vimekaribiana katika milima ya Aberdare. Ndege huvuka kutoka mto mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi tu. Samaki naye hana budi kuteremka hadi kwenye mkondo mkuu, kisha apande tena akishindana na maji. Ni wachache wanaoiweza safari hiyo.

Kwa sababu hiyo, kijito kimoja cha mlimani huwa na aina chache za viumbe, lakini aina hizo huweza kuwa tofauti na za kijito jirani. Kwenye makutano ya mito, viumbe huingia kutoka kila tawi, hivyo aina nyingi hupatikana mahali pamoja.

Mnamo 2012, watafiti nchini Uswisi walichapisha matokeo ya jaribio la maabara kuhusu suala hili. Walijaza vijisima viumbe wadogo mno, kisha wakawahamisha kati ya vijisima hivyo kwa kufuata mpangilio wa matawi ya mto. Vijisima vya makutano vilikuwa na aina nyingi zaidi, ilhali vile vya vyanzo vilitofautiana zaidi vyenyewe kwa vyenyewe.

Hivyo basi, anayefukia kijito au kulima hadi ukingoni huenda akaangamiza viumbe wasiopatikana penginepo.

Aidha, kuziba shina huathiri matawi yote ya juu. Mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka, huzaliwa baharini kisha hupanda mitoni kukomaa. Katika Mto Tana hukumbana na kuta za mabwawa ya umeme ya Kiambere, Kindaruma, Gitaru, Kamburu na Masinga, yaliyojengwa kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980.

Kwa mintarafu hiyo, kuulinda mkondo mkuu pekee hakutoshi. Uhifadhi wa Mto Tana unapasa kuanzia kwenye vijito vya milimani, vile ambavyo mtu huviruka kwa hatua moja.