Kabla ya Kununua Kompyuta Nyingine ya Injini
Gari linalozimika ghafla barabarani huhatarisha abiria, na mara nyingi lawama huangukia kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo huharibika kwa nadra. Fundi aanze na umeme: betri iliyojaa kwa kawaida huonyesha takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 ikinguruma. Kisha asafishe vichwa vya betri na kukaza waya unaoiunganisha na bodi. Kutu kidogo tu hapo yaweza kuivuruga kompyuta. Msimbo unaosomwa na mashine hutaja eneo la hitilafu, si lazima kipuri kilichokufa. Wanaochomelea bodi (na wengi husahau) watoe waya za betri kwanza, kwani umeme wa kuchomelea unaweza kuiua kompyuta nzima.