Binti, selimundu na hadithi ya watu wenye mabawa

“Mama mdogo, unajua kwa nini Wanyoya wana mifupa yenye uwazi ndani?”

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake wodini, namenya chungwa. Binti wa dada yangu ana miaka 10 na anaishi na selimundu. Ilikuwa siku ya tatu tangu alazwe kwa maumivu ya miguu na mgongo. Mkono mmoja ulikuwa na dripu, mwingine umeshika kaunta buku asiloachana nalo hata akienda kuoga.

Kwa wasiowajua, Wanyoya ni watu wenye mabawa wanaoishi kwenye majabali juu ya mawingu. Nchi yao ni Unyoya na lugha yao Kinyoya. Aliwabuni mwenyewe baada ya kuangalia katuni yenye watu-ndege na kugundua kwamba hakuna mahali walipoeleza watu hao walitoka wapi. Jambo hilo lilimuudhi sana. Kwenye kaunta buku lake kuna ramani, nguo za harusi, hata sheria ya nani apishe nani angani mvua ikinyesha. Kilichokuwa kimebaki ni asili yao, na siku hiyo alikuwa amemaliza kuiandika.

Akanisomea. Zamani Wanyoya walikuwa watu wazito kama sisi, wanatembea kwa miguu. Siku moja mama mmoja akamkosea Muumba. Muumba akawaadhibu watoto wake kwa kuwanyonya uboho wote mifupani. Tangu siku hiyo mifupa inawauma usiku, na wakaanza kuruka kwa sababu kutembea kunauma.

Nikaacha kumenya chungwa.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeshasikiliza akina mama wakisimulia walivyoambiwa na mawifi au majirani kuwa ugonjwa wa mtoto umetokana na laana, uchawi au dhambi ya mama. Sikujua kama maneno hayo yamefika nyumbani kwetu, tena masikioni mwa mtoto.

“Huyo mama alikosea nini?” nikauliza.

“Hawajasema. Walisema tu alikosea.”

“Nani walisema?”

Akaangalia daftari. “Wanyoya.”

Nilitamani kumkatiza palepale na kumpa somo zima la vinasaba. Nashukuru sikufanya hivyo, maana nina hakika angefunga daftari na mimi nisingesikia tena habari za Unyoya. Badala yake nilimkumbusha hadithi aliyotusimulia bibi yetu, ya kuku aliyeazima sindano ya mwewe akaipoteza. Ndiyo maana kuku anachakura ardhi mpaka leo akiitafuta, na mwewe ananyakua vifaranga kujilipa deni lake. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamekua na hadithi hiyo, wengine wakiambiwa ni wembe. Nilimuuliza anaipendea nini. Akasema kwa sababu ukienda uani unaona kuku bado anatafuta.

Hadithi ya asili inayobaki kichwani huwa hivyo. Inachukua kitu unachokiona kwa macho, kama mguu wa kuku au bawa, na kukifanya ushahidi wa jambo lililotokea zamani. Mtoto anayebuni taifa zima anafanya kazi hiyohiyo, ila ushahidi anautafuta karibu zaidi. Wa kwetu aliutafuta kwenye mwili wake.

Si yeye wa kwanza kubuni dunia akiwa na jambo zito moyoni. Mwaka 1826, huko Haworth, Uingereza, mchungaji Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell sanduku la askari wa mbao. Branwell na dada zake, Charlotte, Emily na Anne, wakawapa askari hao majina, miji na vita, na baadaye nchi nzima za Angria na Gondal. Wakati huo mama yao alikuwa ameshafariki, na dada zao wawili wakubwa walikuwa wamekufa mwaka mmoja tu kabla. Charlotte, Emily na Anne wakaja kuwa waandishi wakubwa.

Jioni ile nikamsimulia habari za Garuda, ndege mkuu wa hadithi za kale za India, ambaye leo ni nembo ya taifa la Indonesia. Mama yake, Vinata, alishindwa dau dhidi ya dada yake Kadru, mama wa nyoka, akawa mtumwa wake. Garuda akaruka mpaka kwa miungu kuchukua kinywaji cha uzima ili amkomboe mama yake.

“Kwa hiyo mama yake alikosea kucheza dau?”

“Dau lenyewe alidanganywa. Dada yake alifanya hila.”

“Dada yake!” Akaniangalia kwa mashaka, maana mimi ndiye dada wa mama yake. Tukacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Usiku nilimpigia dada yangu simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia ni nani aliyeyasema maneno yale, na kwamba alidhani mtoto alikuwa amelala. Kesho yake alikuja mapema, akakaa kitandani na kuchora miduara kwenye ukurasa mtupu wa daftari. Akamweleza kwamba chembechembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za duara na laini, lakini zake hugeuka umbo la mundu, zikakakamaa na kukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo mifupa inapouma. Akamwambia kwamba mama na baba wote wawili walibeba kinasaba hicho bila kujua na bila kuumwa. Wazazi wakiwa hivyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye selimundu. Hakuna aliyemkosea mtu.

Mimi nikaongeza habari za ndege, kwa kuwa Wanyoya lazima waruke. Mifupa mingi ya ndege ina uwazi ndani, mingine imeungana na vifuko vya hewa vinavyosaidia mapafu. Lakini si mifupa dhaifu. Mfupa wenyewe ni mgumu, na ndani una vijiti vinavyoushikilia kama nguzo. Tena si yote iliyo mitupu, mingine imebaki na uboho wake. Alitaka kujua ni ipi. Ikabidi nikasome.

Niseme wazi kwa wazazi wanaosoma hapa: hadithi haitibu selimundu. Mtoto anahitaji kliniki yake, dawa zake, maji ya kutosha na kukingwa na baridi. Akipata homa, apelekwe hospitali mara moja, msisubiri asubuhi. Na akiwa na maumivu makali, asiambiwe anadeka. Lakini ukimkuta mtoto anabuni watu na asili yao, muulize maswali: nani anaisimulia hadithi hiyo, huyo aliyekosea alikosea nini, kuna anayeipinga? Usikimbilie kuisahihisha.

Siku ya tano akanisomea toleo jipya. Zamani kulikuwa na mundu uliovunjika vipande viwili. Baba wa Wanyoya alibeba kipande kimoja mfukoni na mama alibeba kingine, na hakuna aliyejua mwenzake ana nini. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa vipande vikakutana, vikamkata mifupa kwa ndani. Upepo ukapita, ukaona kuna nafasi, ukaingia kukaa. Ndiyo maana wanaruka. Usiku wa baridi mifupa bado inawauma.

Nilimuuliza kama hawezi kuyaondoa hayo maumivu, kwa kuwa Unyoya ni nchi yake.

“Siwezi, Mama mdogo. Ni kweli yanakuwepo.”

Hadithi ya kwanza hakuichana. Ameipeleka kwenye kijiji kimoja cha mashariki ya Unyoya, ambacho kwenye ramani ameandika kinakaliwa na wambeya.

Ameruhusiwa wiki iliyopita. Sasa swali lililopo mezani ni kama Wanyoya wanataga mayai au wanazaa, na kama wanataga, nani anayaatamia baba akiwa safarini. Dada yangu amesema hilo nitalijibu mimi.