Kiingereza pekee hakitakutosha Morisi

Huenda wewe au mwanao mmepata nafasi ya kusomea chuo kikuu kisiwani Morisi, mashariki mwa Madagaska. Hongera. Lakini usifunge sanduku ukidhani kwamba, maadamu masomo ni kwa Kiingereza, mambo yote yatakuwa rahisi.

Darasani, naam, ni Kiingereza. Magazeti mengi ni ya Kifaransa. Sokoni, kwenye basi na nyumbani ni Krioli, lugha iliyozaliwa miongoni mwa watumwa waliopelekwa huko kutoka Afrika na Madagaska enzi za Wafaransa. Kati ya 1834 na 1920 Waingereza walileta vibarua karibu nusu milioni, wengi kutoka India, kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Wachina nao wamo. Ndiyo maana Divali, Idi, Krismasi na Mwaka Mpya wa Kichina zote ni sikukuu za taifa.

Mgeni asiyejua Krioli hufanyaje? Hutafuta Wakenya wenzake, wakapika ugali, mlango ukafungwa. Miaka mitatu yaisha bila kualikwa Divali kwa jirani hata mara moja. Hasara ya kujitakia hiyo! Mtu aliyekulia kwenye Sheng atashindwaje na Krioli? Anzia kwa muuzaji wa dholl puri, chapati laini yenye dengu ndani. Mwambie "Bonzour". Asipoeleweka, mwombe arudie.

Tena msimu wa vimbunga huanza Novemba. Onyo likitolewa, jirani huyo ndiye atakayekugongea mlango akuulize kama umeweka maji na mishumaa.