Kisiwa cha miti mlangoni mwa Dar es Salaam

MGENI mwenye shanta mgongoni anaposhuka Dar es Salaam, mara nyingi huulizia jambo moja tu: boti ya Zanzibar inaondoka saa ngapi. Hupitiliza bandarini, akavuka bahari, na siku zinazofuata akazimaliza Nungwi, Paje au Jambiani, amejilaza kivulini huku akisahau safari ndefu iliyomleta.

Wasafiri wa aina hiyo, wanaotembea kwa fedha kidogo na kukaa muda mrefu, hawatafuti anasa. Wanachotaka ni pahali penye utulivu, gharama nafuu na watu wa kuzungumza nao. Wachache wanafahamu kuwa utulivu huo unapatikana pia bila kuvuka maji, katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, mkoani Pwani, takriban kilometa 30 kusini-magharibi mwa katikati ya Jiji.

Huko kuna kisiwa cha namna yake. Hakikuzungukwa na bahari, bali na mashamba, viwanja na nyumba.

Kwa nini msitu huitwa kisiwa

Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi ina ukubwa wa zaidi ya hekta 7,000. Awali ilikuwa misitu miwili ya hifadhi iliyotengwa wakati wa ukoloni. Mwaka 2020 ilipandishwa hadhi ikawa hifadhi moja, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kwa hadhi hiyo, uvunaji wa miti hauruhusiwi. Kinachoruhusiwa ni utalii, elimu na utafiti.

Misitu hii ni mabaki ya ukanda wa misitu ya pwani unaoanzia kusini mwa Somalia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Leo ukanda huo umekatika vipande vipande, na ndiyo sababu wataalamu wa viumbe huvifananisha vipande hivyo na visiwa.

Mwaka 1967, wanasayansi wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Edward O. Wilson, walichapisha kitabu kilichoeleza kuwa wingi wa aina za viumbe katika kisiwa hutegemea ukubwa wake na umbali wake kutoka bara. Kisiwa kikiwa kidogo na kikiwa mbali, aina inayotoweka haipati ya kuziba pengo lake. Kanuni hiyo imekuja kutumika pia kwa misitu iliyobaki peke yake katikati ya makazi ya watu.

Kutengwa huko kuna upande wa pili. Viumbe waliojitenga kwa muda mrefu hugeuka kuwa wa pekee. Miti ya Baphia puguensis na Millettia puguensis imebeba jina la Pugu katika majina yake ya kisayansi. Aidha, yumo komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote wanaojulikana, ambaye uzito wake wa takriban gramu 60 unakaribia ule wa yai la kuku. Huonekana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na amepata kuorodheshwa miongoni mwa jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Yumo pia sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu mithili ya mkonga, apekuaye majani makavu kutafuta wadudu.

Mapumziko ya gharama nafuu

Kufika si kazi kubwa. Daladala za Kisarawe hupita Gongo la Mboto na Pugu, na kutoka mjini Kisarawe hifadhi iko jirani. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, nayo ina kituo Pugu. Mgeni hulipa kiingilio kwa TFS na kutembea na mwongozaji. Miezi ya Juni hadi Septemba, baada ya masika, njia huwa kavu na matembezi huwa mepesi.

Anayefika asitarajie muziki wala vinywaji vya ufukweni. Asubuhi ni ya ndege, mchana ni wa kivuli, na jioni ni ya popo, ambao hutoka kwa maelfu katika mashimo ya zamani yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini. Usiku ni zamu ya komba, ambao husikika mara nyingi zaidi kuliko wanavyoonekana.

Kwa apendaye historia, eneo hilo lina mengi. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888, na kituo chao kikateketezwa mwanzoni mwa 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Katika shule ya Pugu ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili kuitumikia TANU.

Mkazi wa Jiji ana hisa

Msitu huu si wa wageni peke yao. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukapita katikati ya Jiji na bonde la Jangwani kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salender. Msitu unaponyonya mvua, maji hushuka polepole. Vilima vikibaki vipara, maji hushuka kwa kasi yakibeba udongo unaojaza mto, na wanaoumia ni wakazi wa mabondeni.

Hata hivyo, jiji hilo hilo ndilo linaloulemea msitu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam, na wengi wao hupikia mkaa. Kwa miaka mingi mkaa na nguzo za kujengea vilitoka katika misitu iliyo karibu, na migogoro ya mipaka na wavamizi wa Kazimzumbwi ilidumu kwa muda mrefu. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na imejiwekea lengo kuwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo likitimia, Kisarawe itakuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kupata nafuu.

Kibaha isiachwe nyuma

Jambo moja husahaulika kirahisi. Karibu na Kazimzumbwi uko msitu wa Ruvu Kusini, ulio katika wilaya za Kibaha na Kisarawe. Ardhi iliyo kati ya misitu hiyo ndiyo njia ya wanyama na mbegu. Viwanja vinavyopimwa kila upande, kuanzia Barabara ya Morogoro kwa upande wa Kibaha na Pugu kwa upande wa Kisarawe, vikiifunga njia hiyo, kila msitu utabaki peke yake, na kanuni ya mwaka 1967 itafanya kazi yake kimyakimya.

Kwa msingi huo, kiingilio cha mgeni mwenye shanta kina maana kuliko kinavyoonekana. Kijana wa Kisarawe anayelipwa kwa kumwonyesha mgeni komba ana sababu ya kutaka mti usimame. Vivyo hivyo mkazi wa Kariakoo au Ubungo anayepanda daladala mwishoni mwa wiki na kwenda kupumzika huko: anapata hewa safi kwa nauli ndogo, na anaongeza idadi ya watu watakaouliza iwapo msitu huo utaanza kupungua.