"Kula vizuri" sawa, na hewa je?

Kila kampeni utasikia: watu wanaugua kwa sababu ya chipsi, soda na kukaa tu. Ni kweli kiasi, presha na sukari zimejaa mitaani kwetu. Lakini hoja hiyo inamwachia mwananchi mzigo wote.

Angalia Owino Uhuru, hapa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi 2007, kikipakana na nyumba za watu, hadi kikafungwa 2014. Madini ya risasi yaliingia kwenye hewa, udongo, mpaka damu ya watoto, na risasi huharibu ubongo unaokua. Mama angepika mboga gani ya kuzuia hiyo?

2020 korti ya Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya bilioni 1.3, na taasisi za serikali zikabebeshwa lawama pia. Rufaa ikaifuta 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Kwa hivyo mgombea akikuhubiria kuhusu sahani yako, muulize leseni za viwanda anazisimamia nani.

Na Katiba, kifungu cha 70, haikulazimishi uthibitishe kuna mtu ameumia ndio uende kortini.