PUA SI KIPIMO

Wafanyakazi wenzetu wa kiwandani na shambani, mara ngapi tumemwambia msimamizi kwamba hewa imechafuka, naye akatujibu: "Mbona mimi sisikii harufu?"

Jibu hilo halina maana. Pua huzoea. Anayepaka gundi ya viatu huisikia asubuhi, na ikifika saa nne haisikii tena, ingawa mvuke ni ule ule. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ya kwenye mashimo ya maji machafu na viwanda vya ngozi, ni mbaya zaidi. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikizidi huua kwanza uwezo wa kunusa, kisha humuua mtu. Nayo kaboni monoksaidi haina harufu kabisa. Kwa ajili yake wachimba makaa wa Uingereza walitumia ndege wadogo vizimbani hadi mwaka 1986: ndege akianguka, watu wanatoka.

Sasa vipo vipimo vidogo vinavyonasa mvuke kwa kutetemeka. Kimojawapo ni kipande chembamba cha jiwe liitwalo kwatzi, lile lile linaloendesha saa za mkononi. Kikitiwa umeme hutetemeka, tuseme mara milioni 5 kila sekunde. Ukibandika nta juu ya ngozi ya ngoma, mlio huwa mzito. Na jiwe hili ni hivyo hivyo. Mwaka 1959 Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha kwamba kitu chochote kikitua juu yake, hata chepesi namna gani, mtetemo hupungua kwa kadiri ya uzito wake. Igawanye gramu moja mara bilioni moja: vipande 18 hivi vikitua juu ya sentimita moja ya mraba, mtetemo mmoja hupotea kila sekunde. Mwaka 1964 Mmarekani William King alilipaka jiwe utando unaonyonya mvuke, likawa kipimo cha hewa. Baadaye vikaja vijiti vya silikoni vyembamba kuliko unywele, vinavyofanya kazi hiyo hiyo.

Lakini kipimo kikiwa ukutani na namba zake zikafungiwa ofisini, sisi tumepata nini? Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema kumbukumbu za vipimo vya hewa ya kazini ziwe wazi kwa wafanyakazi na wawakilishi wao. Tuziombe, tena kwa barua.

Na tukionyeshwa namba, tuulize zaidi. Utando umechaguliwa kwa mvuke upi? Unaonasa thina huenda usinase dawa ya kuulia wadudu. Kilihakikiwa lini? Unyevu nao hutua juu ya jiwe, kwa hiyo kipimo kilichokaa ndani ya banda la maua, penye jasho la mimea mchana kutwa, chaweza kudanganya kisiporekebishwa. Maswali haya mjumbe wa tawi ayaandike kabla ya kuingia mkutanoni.